Je, Wajua? Kipi Hasa Ndicho Bunduki

Tandika mkeka, fungua bunduki ya kuwindia, upange juu yake kila kilichotoka: mtutu, bolti, kitako cha mti, mtambo wa kufyatulia, springi, pini, skrubu. Kisha mwite wakili umuulize: kati ya vyuma hivi, kipi ndicho bunduki? Ukiwa Texas atanyoosha kidole kwenye kipande kimoja tu. Ukiwa London atakuonyesha vitatu au zaidi. Ukiwa Nairobi atakuuliza kwanza leseni yako iko wapi. Biashara nzima ya kuagiza vipuri vya bunduki kutoka nchi hadi nchi inazunguka swali hilo, na majibu yake ni vituko vitupu.

Je, wajua kwamba Marekani bunduki kisheria ni kipande kimoja? Sheria ya Udhibiti wa Bunduki aliyoitia saini Rais Lyndon Johnson mwezi Oktoba 1968 iliichagua sehemu ya kati, ile inayobeba mtambo na kuunganisha mtutu na kitako. Tuiite kiunzi. Namba ya silaha hugongwa hapo. Mwenye gari ataelewa upesi: injini hubadilishwa, milango hubadilishwa, rangi hubadilishwa, lakini gari ni namba ya chasi. Kwa sheria ya serikali kuu, Mmarekani anaweza kuagiza mtutu kutoka jimbo jingine ukaletwa na posta hadi mlangoni bila kibali chochote. Kiunzi kitupu, hata kama hakina uwezo wa kufyatua punje ya mchanga, sharti kipitie kwa muuza silaha mwenye leseni, na mnunuzi akaguliwe kama mtu anayenunua bunduki nzima. Majimbo mengine yana masharti yao juu ya hayo.

Mwaka huohuo wa 1968 Waingereza nao walitunga Sheria ya Silaha, wakaenda njia nyingine kabisa. Kwao kila "sehemu" ya silaha yenye kuua ni silaha, na pia kifaa chochote kilichotengenezwa kupunguza sauti au mwako wake. Ila wabunge walisahau kueleza sehemu ni nini. Je, skrubu ni sehemu? Kitako je? Polisi, mafundi na mahakama walibishana kwa karibu nusu karne, mpaka sheria ya mwaka 2017 ilipotaja kwa majina: mtutu, chemba au silinda; kiunzi; na bolti au chochote kinachozuia nguvu ya mlipuko isitoke nyuma ya chemba. Springi na kitako vikapumua.

Kenya ilirithi mkondo huo wa Kiingereza. Katika Sheria ya Silaha, Sura ya 114, sehemu za silaha zinahesabiwa pamoja na silaha yenyewe. Umoja wa Ulaya nao una orodha yake ya sehemu za msingi: mtutu, kiunzi (cha juu na cha chini), slaidi, silinda, na bolti. Kwa hiyo mtutu uleule unaosafiri kama mzigo wa kawaida kutoka Ohio hadi Arizona ni silaha kamili ukishuka Mombasa, Hamburg au Liverpool. Chuma hakijabadilika hata chembe.

Je, wajua kwamba hata Wamarekani wenyewe, waliojirahisishia kazi kwa kuchagua kipande kimoja, walikuja kukwama? Kanuni zao za zamani zilieleza kiunzi kuwa ni sehemu inayobeba nyundo, bolti na mtambo wa kufyatulia, na ambayo kwa kawaida mtutu husokotwa mbele yake. Maelezo hayo yaliwafaa wawindaji wenye bunduki za bolti. Halafu ikaja AR-15, bunduki maarufu kuliko zote nchini mwao, ambayo kiunzi chake kimegawanyika mara mbili. Cha chini kina nyundo na mtambo. Cha juu kina bolti na mtutu. Hakuna nusu inayotimiza maelezo yote. Serikali ilikuwa ikitaka namba igongwe kwenye cha chini na kushitaki watu kwa hicho, hadi mwaka 2019, katika kesi za California na Ohio, majaji waliposoma kanuni neno kwa neno wakaona kile kipande hakiingii. Kwa muda fulani, kwa jinsi maandishi yalivyokuwa, mamilioni ya bunduki za Marekani zilikuwa hazina bunduki ndani yake. Kanuni mpya ya mwaka 2022 ndiyo iliyoziba tundu hilo.

Ukichukua FAL, ile bunduki ya Kibelgiji iliyozagaa duniani wakati wa Vita Baridi, mambo yamegeuka: namba iko kwenye kiunzi cha juu, na cha chini ni kipuri tu. Bastola ya P320 ya SIG Sauer imekwenda mbali zaidi. Bunduki kisheria ni kijisanduku cha chuma kilichofichwa ndani, chenye mtambo. Mpini, slaidi na mtutu ni mavazi. Mwenye nacho anaweza kuvivua na kukivika vingine, na bado ana bastola moja.

Tumezoea kusema "spea" kana kwamba zilikuwapo tangu Adamu. Kwa karne nyingi hazikuwapo. Fundi alichonga kila mtambo kwa mkono, akausugua kwa tupa mpaka ukakaa kwenye bunduki moja, na haukuingia kwenye nyingine. Kikivunjika kitu, bunduki ilirudi kwa fundi. Mwaka 1785 Thomas Jefferson, akiwa balozi wa Marekani Paris, alimtembelea fundi mmoja aitwaye Honoré Blanc. Blanc alimwekea mbele vipande vya mitambo 50, kila aina kwenye kisanduku chake. Jefferson akaokota vipande bila kuchagua, akaunda mitambo kadhaa kwa mikono yake mwenyewe, na yote ikakubali. Aliandika nyumbani kwa msisimko, akieleza faida yake pale silaha inapohitaji kutengenezwa. Ilichukua miongo mingi kabla viwanda vya Marekani havijaweza kufanya hivyo kwa bei nafuu, lakini siku ile ndipo swali letu lilipozaliwa. Kabla ya kipuri kuweza kuingia bunduki yoyote, hakukuwa na sababu ya afisa wa forodha kukihofia.

Isipokuwa kipuri kimoja. Bunduki ya gumegume huwashwa na jiwe, na jiwe huisha makali. Mji mdogo wa Brandon, mashariki mwa Uingereza, uliishi kwa kuchonga mawe hayo. Majeshi ya Ulaya yalipohamia kwenye bunduki za fataki, na baadaye za viasi, ungedhani wachongaji wa Brandon wangefunga kazi. Hawakufunga. Waliendelea kuchonga mpaka karne ya 20 imeingia, kwa sababu wateja wao wakubwa walikuwa Afrika.

Na Afrika iliendelea kutaka jiwe kwa sababu ya sheria. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza Zanzibar alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita katika soko la eneo hilo kwa mwaka, nyingi zikienda bara na misafara ya pembe. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Julai 1890, mataifa 17 yalitia saini Mkataba wa Brussels. Zanzibar ilikuwa miongoni mwao. Mkataba uliandikwa kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake ulipiga marufuku kuingiza silaha za kisasa katika eneo lote la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, pamoja na visiwa vilivyo hadi maili 100 za bahari kutoka pwani. Gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida, ziliruhusiwa kuuzwa. Mzungu aliyesafiri na bunduki ya kisasa ya kujilinda aliweza kupata ruhusa, mradi silaha yake iandikishwe, igongwe alama na apewe cheti cha kuibeba. Silaha nyingine zikae katika ghala la serikali. Mtu anayejaza fomu ya leseni leo, iwe Dodoma au Kampala, angeutambua utaratibu huo mara moja. Kilichobadilika ni nani anayekaa nyuma ya meza. Nadhani ni haki kusema kwamba waliotunga mkataba ule walikuwa wakimwazia mtumwa kwa jicho moja, na kwa jicho la pili wakiitazama siku ambayo wao wenyewe wangekuja na majeshi.

Bandari ya Muscat ilikuwa nje ya mstari huo, na wafanyabiashara waliliona hilo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa soko kubwa la bunduki zilizovushwa kwenda Uajemi na mpaka wa Afghanistan. Waingereza walitaka kuifunga biashara hiyo. Wafaransa wakawa wanatoa mkataba wa mwaka 1844 waliofunga na Sayyid Said, unaowapa uhuru wa kufanya biashara. Mwishowe, mwaka 1912, Sultan Faisal bin Turki alianzisha ghala la silaha: kila bunduki inayoshuka iingie humo, isitoke bila kibali. Biashara ikanyauka.

Turudi kwa wawindaji. Majina makubwa ya bunduki za Kiingereza zilizokuja na safari za Afrika Mashariki mara nyingi yalifunika moyo wa Kijerumani. Kampuni ya Rigby ya London ilikuwa wakala wa kiwanda cha Kijerumani cha Mauser, na viunzi na bolti vilitoka Oberndorf kwa meli. London walitia mtutu, mti na nakshi. Bunduki mashuhuri ya .416 Rigby iliyotoka mwaka 1911 ilijengwa juu ya kiunzi kikubwa cha Mauser. Walter Bell, Mskoti aliyeua ndovu zaidi ya 1,000, wengi kutoka upande wa Karamoja ambako alipata jina la Karamojo, alipenda kutumia Rigby ndogo ya .275, ambayo risasi yake ni ileile ya Mauser ya milimita 7 kwa jina la Kiingereza. Vita vilipozuka mwaka 1914, mafundi wa London walikuta ghafla kwamba kipuri chao muhimu kuliko vyote kiko kwa adui.

Bunduki hizo za zamani zina shida nyingine ambayo mnunuzi wa leo haioni mpaka mzigo ukwame forodhani. Kwenye ncha ya mtutu, pale pa kulengea, nyingi zilipachikwa kipunje cheupe kionekane wakati wa magharibi. Kipunje hicho mara nyingi ni pembe ya ndovu. Tangu nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilipokubaliana mwaka 1989 kumwingiza ndovu wa Afrika kwenye orodha kali kuliko zote, kitu chochote chenye pembe yake kinahitaji nyaraka kuvuka mpaka, hata kikiwa hakifiki ukubwa wa punje ya mtama. Mafundi wengine walitumia jino la ngiri. Ngiri hayumo kwenye orodha za CITES, ila jaribu kumshawishi afisa kwa macho tu kwamba kile ni ngiri na hiki ni ndovu.

Je, wajua kwamba kuna bunduki ambazo kisheria ni za kale ingawa zilitengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili? Finland ilipopata uhuru kutoka kwa Urusi ilibaki na marundo ya bunduki za Mosin-Nagant, na nyingine ikazinunua. Haikujisumbua kutengeneza viunzi. Ilitia mitutu mipya na vitako vipya juu ya viunzi vya enzi za tsar, na hivyo ndivyo ilivyozaliwa M39, bunduki ambayo watu wengi wanaipenda kuliko ile ya asili. Sasa, sheria ya Marekani inasema silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ni ya kale na haihesabiwi kuwa bunduki kwa masharti ya Sheria ya 1968. Na kwa kuwa bunduki ni kiunzi, umri wake ni umri wa kiunzi. Wakusanyaji huivua M39 kitako chake kutafuta mwaka uliogongwa kwenye mkia wa kiunzi, chini ya mti. Ikisomeka 1896, silaha iliyopata mtutu wake mwaka 1942 inakuwa kitu cha makumbusho, na inaruhusiwa kusafirishwa kwa urahisi ambao jirani yake ya 1899, inayofanana nayo kila kitu, haina.

Kuna kisa kingine cha Marekani ambacho kinastahili kusimuliwa polepole, maana sijaona pengine popote sheria inayohesabu uraia wa vyuma. Januari 1989 mtu mwenye bunduki ya muundo wa Kalashnikov aliwaua watoto 5 katika shule ya msingi ya Stockton, California. Mwaka huohuo serikali ya Rais George Bush ilipiga marufuku kuingiza aina 43 za bunduki za kujijaza zenye sura ya kijeshi, kwa hoja kwamba hazifai kwa michezo wala uwindaji. Wafanyabiashara wakafikiri: kama bunduki nzima haiingii, si tulete vipande? Bunge likawaziba mwaka 1990. Ni kosa kuunganisha, kwa kutumia sehemu za kigeni, bunduki ambayo ingekatazwa kuingia nchini.

Lakini sehemu ngapi ndiyo za kigeni? Hapo kanuni ikatoa orodha ya sehemu 20, kuanzia kiunzi na mtutu, ukishuka kwenye bolti, nyundo, kitako na mpini, mpaka kifuniko cha chini cha magazini. Zikizidi 10 kutoka nje, umevunja sheria. Zikiwa 10, hujavunja. Bunduki ya Kirusi ya Saiga ilikuwa ikiingia Marekani ikiwa imevishwa kitako cha kiwindaji, na hivyo ilikuwa halali. Mwenyewe akitaka kuirudishia mpini wake wa asili ilimpasa kwanza kuondoa baadhi ya sehemu za Urusi na kutia za Marekani. Bunduki ileile, hatari ileile, ila sasa ina vyuma vya kutosha vya nyumbani. Kikazuka kiwanda kizima cha Wamarekani kutengeneza nyundo, mipini na vifuniko vya magazini kwa silaha za maadui wao wa zamani. Ukiniuliza, sheria hii haikumzuia mtu yeyote mbaya. Ilichofanya ni kuwapa kazi mafundi wa chuma. Mwaka 2014 Marekani ilipoiwekea vikwazo kampuni ya Kalashnikov kwa sababu ya mgogoro wa Ukraine, Saiga zenyewe zikakoma kuja.

Seti za vipuri ziliendelea kuingia kutoka Romania, Poland na iliyokuwa Yugoslavia, maghala ya kijeshi yalipokuwa yakisafishwa. Kiunzi cha bunduki ya kijeshi kilikatwa kwa moto vipande vipande kabla ya kupakiwa, kisiweze kurudi kazini, na vilivyobaki vikauzwa. Kisha mwaka 2005 shirika la ATF, linalosimamia silaha huko, likatangaza kwamba hata mitutu ya silaha zisizoruhusiwa haitaingia tena. Mnunuzi akaletewa kila kitu isipokuwa kile cha kupitishia risasi.

Je, kuwa na vipande ni sawa na kuwa na kitu kizima? Mahakama ya Juu ya Marekani iliulizwa hivyo mwaka 1992. Kampuni ya Thompson/Center iliuza bastola ya Contender pamoja na seti yenye kitako cha bunduki na mtutu wa inchi 21. Ukivitia vyote viwili, una bunduki halali. Ukitia kitako na kubakiza mtutu mfupi wa bastola wa inchi 10, una bunduki yenye mtutu ulio chini ya inchi 16, ambayo wakati huo sheria ya 1934 iliitaka iandikishwe na kulipiwa kodi ya dola 200. Serikali ilisema aliyeuza seti ameuza pia ile iliyokatazwa, maana vipande vyake vimo. Kampuni ililipa dola 200 kwa bunduki moja, kisha ikaishitaki serikali kudai dola 200 zake. Ikashinda kwa majaji 5 dhidi ya 4. Hoja ilikuwa kwamba vipande hivyo vina matumizi halali, na sheria yenye adhabu ya kifungo isipoeleweka vizuri, shaka imfaidi raia. Kama vipande vingekuwa na njia moja tu ya kuunganishwa, na njia hiyo ni haramu, hukumu ingeweza kuwa nyingine.

Machi 2025 swali lilirudi kwa sura mpya. Seti za kujitengenezea silaha nyumbani, zenye kiunzi kilichoachwa bila kumaliziwa ili kisiwe kiunzi kisheria, zilikuwa zikiuzwa bila namba wala ukaguzi. Katika kesi ya Bondi dhidi ya VanDerStok, majaji 7 kati ya 9 waliikubali kanuni ya serikali inayozitaka baadhi ya seti hizo kufuata sheria za bunduki. Jaji Neil Gorsuch, aliyeandika hukumu, alitoa mfano wa meza ya IKEA: mtu huiita meza tangu siku anayoinunua, ingawa iko katika boksi na kuna saa za kuunganisha zinazomsubiri.

Kwetu kuna gobore la kienyeji, na lenyewe linawachekesha kidogo wanasheria wa seti na orodha. Fundi wa kijijini hujitengenezea kwa mabomba ya maji na vyuma vya magari yaliyokufa, wala haagizi chochote. Hakuna forodha inayoweza kulikataza bomba la maji. Kosa huanzia kwenye nia na mkono wa fundi.

Je, wajua kwamba kamba ya kiatu imewahi kuitwa bombomu? Chini ya sheria ya Marekani, kipande kinachoigeuza bunduki ya kawaida ifyatue mfululizo ni bombomu chenyewe, hata kikiwa kiganjani peke yake. Tangu Novemba 1981 kipande kimoja kidogo cha namna hiyo cha AR-15 kimekuwa kikitakiwa kuandikishwa kama silaha ya kivita. Mwaka 2004 mtu aliiandikia ATF kuuliza kuhusu kamba ya inchi 14 yenye vitanzi, iliyofungwa kwenye bunduki ya kujijaza. Ikajibiwa kwa barua rasmi kwamba kamba hiyo ni bombomu. Miaka mitatu baadaye shirika lilijirekebisha: kamba peke yake ni kamba, mpaka ifungwe kwenye bunduki kwa kazi hiyo.

Kiwambo cha sauti ndicho kipuri kinachobadilika tabia kuliko vyote kikivuka mpaka. Katika filamu na riwaya zetu za upelelezi ni chombo cha muuaji. Finland na Norway ni kifaa cha kawaida cha mwindaji anayejali masikio yake na majirani. New Zealand kwa miaka mingi kimeuzwa dukani bila kibali. Marekani kililipiwa dola 200 tangu 1934, na ikachukua hadi Januari 2026 kodi hiyo kushushwa hadi sifuri, huku kuandikishwa kukibaki palepale.

New Zealand hiyohiyo ilijifunza mwaka 2019 kwamba vipuri ni vingi kuliko bunduki. Baada ya mauaji ya Christchurch, Bunge lilikataza bunduki nyingi za kujijaza, na sheria ikataja pia magazini na sehemu zake kwa jina. Serikali ikanunua kutoka kwa raia kila kilichokatazwa. Mwisho wa mwaka zilikuwa zimerudishwa silaha zaidi ya 56,000. Vipuri vilipita 180,000.

Msumbiji, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, walikuwa na mpango wao. Tangu 1995, Askofu Dinis Sengulane na Baraza la Kikristo la nchi hiyo walibadilishana na watu: leta silaha, chukua jembe, baiskeli au cherehani. Kijiji kimoja kilipata trekta. Silaha zilikatwakatwa, na vipande wakapewa wasanii. Mwaka 2001 Cristóvão Canhavato, anayejulikana kama Kester, aliunda kiti cha enzi kwa vitako, magazini na mitutu, na mwaka uliofuata kikanunuliwa na Makumbusho ya Uingereza, London. Katika kiti hicho kuna G3 zilizotoka Ureno na Kalashnikov za Ulaya Mashariki na Korea Kaskazini. Hakuna sehemu yake iliyotengenezwa Msumbiji.

Na ndugu aliyeko Dallas au Minneapolis, akiombwa na mjomba mwenye leseni Arusha amletee springi na darubini ya bunduki likizo ya Desemba? Ana sheria za nchi mbili za kufuata, ile anayotoka na ile anayoingia. Kwa miaka mingi Marekani iliruhusu vipuri visivyozidi thamani ya dola 100 kutoka nchini bila leseni, mradi havimo mtutu, silinda, kiunzi wala bolti kamili. Tangu 2020 sehemu kubwa ya kazi hiyo imehamia Wizara ya Biashara, yenye viwango na masharti mengine. Upande wa kuingia, Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizojiunga na Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya Silaha ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika Julai 2005, ambayo inataka vibali kwa mtutu, kiunzi, slaidi, silinda, bolti na kiwambo cha sauti. Sheria za ndani zinaweza kutaka zaidi, na kibali hutafutwa kabla mzigo haujaondoka. Tangazo la duka la mtandaoni linaloandika kwamba kifaa hakihitaji leseni linazungumzia jimbo la muuzaji, si Namanga. Springi ya mjomba pengine itapita. Darubini, ambayo haina baruti wala haipigi risasi, ipo kwenye orodha ya Marekani ya vitu vinavyodhibitiwa kupelekwa nje ya nchi, na ndiyo ambayo abiria wengi huitia sandukuni bila kumuuliza mtu.